Unga Mweupe Ndani ya Birika

4 Juni

Mama mkwe amefika. Begi moja, mwavuli, na mto wake mwenyewe wa kulalia, eti mito ya watu inamvunja shingo. Amekuja kumlea Tonge ili mimi nianze kazi ya kupiga pasi kwenye kiwanda cha sare. Tonge ana miezi minane na mashavu yamemjaa hadi shingo haionekani. Jina hilo alipewa na baba yake siku ya kwanza alipombeba, akasema huyu si mtoto, huyu ni tonge. Bibi yake alimpokea, akampima uzito kwa mikono kama mtu anayenunua nyama, akasema, "Anafaa." Anafaa nini, sikuuliza.

Bomba la zamani nalo limekauka kabisa, kiangazi kimelimaliza. Leo mwenye nyumba amefungua bomba jipya la maji ya kisima kirefu alichochimba nyuma ya ua. Maji maangavu, unaona hadi mkwaruzo wa chini ya ndoo. Nimeyafurahia sana. Naandika haya ili Tonge akikua ajue kwamba mwaka alioota meno, mama yake alipata kazi.

6 Juni

Kazi siku ya kwanza. Pasi nzito, miguu imevimba, maziwa yalilowesha blauzi kabla ya mchana. Lakini nitaweza.

9 Juni

Nimefua nepi. Sabuni haitoi povu. Nimesugua kipande hadi kimebaki nusu, nikapata uji wa kijivu unaoelea juu ya beseni. Ni sabuni aliyonunua mama mkwe. Nikamuuliza kwa upole kainunua wapi.

"Dukani," akasema. "Ulitaka niinunue posta?"

Mume wangu akacheka. Mimi sikucheka.

15 Juni

Tonge ameota jino. Aliyeliona wa kwanza ni bibi yake. Mimi niliporudi kazini nilionyeshwa, kama mgeni anavyoonyeshwa picha za ukutani.

19 Juni

Maharage yamekaa jikoni kuanzia asubuhi na hayakuiva. Mume wangu alitafuna moja, tukalisikia sote. "Mke wangu, haya ni ya kula au ya kujengea?" Nimepika maharage tangu nikiwa msichana mdogo na sijawahi kuaibika hivi. Mama mkwe akawa anayageuza sahanini kwa kidole.

20 Juni

Leo nimeona kitu.

Fundi mkuu wa kiwandani alituruhusu mapema, umeme ulikatika. Nikaingia uani bila viatu, nilikuwa nimevivua kwa sababu ya malengelenge, kwa hiyo hakunisikia. Mama mkwe alikuwa ameinamia sufuria. Akatazama mlangoni, akafungua fundo la upindo wa nguo yake, akachukua unga mweupe kwa vidole viwili, akautia ndani. Akakoroga, akafunga fundo.

Na maharage yakaiva upesi, laini, yanapasuka ulimini. Mume wangu aliongeza sahani. Mimi nilisema tumbo linaniuma.

21 Juni

Sikutaka kumwambia mtu, nikamwambia Mama Redio. Ni jirani wa chumba cha mkono wa kulia. Jina halisi analo lakini hakuna anayelitumia. Tulikuwa tunachota maji.

"Unga mweupe?" akasema, akashusha ndoo kabisa. "Kwenye fundo? Wewe mtoto umelala! Hiyo ni dawa ya kuvuta."

"Kuvuta nini?"

"Kuvuta mtu. Mtoto anamwona nani mchana kutwa? Bibi. Anakula mkononi mwa nani? Bibi. Sasa akitiliwa na dawa kidogo, basi. Utabaki na kazi yako ya pasi, mtoto atamwita yeye mama. Mimi sijasema kitu lakini."

"Umeshasema, dada."

"Nimesema, lakini sijasema."

27 Juni

Chai ina utando. Ukiiacha ipoe kidogo juu panakuwa na ngozi nyembamba inayometameta, ukiigusa kwa kijiko inavunjika vipande. Chai yangu haijawahi kuwa hivi. Mama mkwe ndiye anayechemsha maji ya nyumba nzima, yake, yetu, na ya Tonge ya kunywa. Birika haliondoki mkononi mwake.

1 Julai

Tonge amenikataa. Nilirudi, nikanyoosha mikono, akageuza uso akaulaza kwenye bega la bibi yake. Bibi akasema, "Ana usingizi tu." Labda. Lakini macho yake yalikuwa wazi.

3 Julai

Mama mkwe alikwenda kununua mkaa. Nikafunua birika.

Ndani ni peupe. Chini na pembeni pamegandwa na ukoko mweupe, mgumu, na juu ya maji vinaelea vipande vyembamba kama maganda ya yai. Nikakwangua kwa ukucha, ukatoka unga. Nikaunusa, hauna harufu. Nikaweka ncha ya ulimi, hauna ladha. Kitu kisicho na harufu wala ladha, kinawekwa kwa kazi gani kama si ya siri?

Nilikaa kwenye kigoda nikiwa na kifuniko mkononi hadi nikasikia lango.

4 Julai

Sitaki kumsingizia mtu. Shule sikufika mbali lakini nakumbuka mwalimu wa sayansi alisema usiseme jambo hadi ulipime. Basi nimelipima. Asubuhi nilikinga maji ya bomba kwenye chupa safi nikaificha nyuma ya kabati. Jioni nikamimina maji ya birika kwenye chupa ya pili. Nikaziweka dirishani pamoja.

Ya bomba: maangavu. Ya birika: yana vumbi jeupe, ukitikisa linazunguka, ukiacha linatua chini.

Maji ni yale yale, kisima ni kile kile. Kilichoongezeka kati ya bomba na chupa ni mkono wa mama mkwe.

Nilimwonyesha mume wangu. Akatazama chupa, akanitazama mimi.

"Mama ndiye aliyenilea mimi," akasema. "Na mimi nipo hapa, nina pumzi."

"Wewe hakuwa na wa kukunyang'anya."

Akazima taa.

5 Julai

Nimeamua. Maji ya Tonge nayaandaa mimi. Kabla ya kwenda kazini nimejaza chupa yake pale bombani, maangavu, nikaifunga vizuri, nikampa bibi yake.

"Mama, haya ndiyo ya mtoto. Usimpe mengine."

"Umeyachemsha?"

"Ndiyo mama."

Akaichukua kwa mikono miwili.

9 Julai

Pasi ya mvuke imetema unga mweupe kwenye sketi nyeusi, sare ya watu. Fundi mkuu kanifokea mbele ya wote. Mimi hata sikuusikia ukali wake. Nilikuwa nautazama ule unga nikijiuliza, hata huku umenifuata?

12 Julai

Upepo na vumbi. Hakuna jipya.

18 Julai

Tonge amenijia! Nilipoingia tu alirusha mikono, akapiga kelele, akaniuma kidevu kwa lile jino lake. Tangu nimkatie maji ya birika amerudi kuwa wangu. Nilimnong'oneza Mama Redio, akasema, "Si nilikwambia sikusema?"

Mama mkwe amekuwa kimya siku hizi. Namtazama, naye ananitazama. Asubuhi aliponimiminia chai nilingoja atoke, nikaimwaga kwenye ndoo ya maji machafu. Nilipoinua macho alikuwa mlangoni. Alikuwa amesahau kitambaa chake tu, akakichukua akaondoka.

24 Julai

Kisima kinavuta udongo kidogo asubuhi, wanasema maji yameshuka chini. Ukiyaacha yatulie yanakuwa maangavu tena.

30 Julai

Tonge ameharisha. Meno.

31 Julai

Ameharisha usiku na mchana, na anatapika. Nimesema ni meno. Mama mkwe anasema si meno. Ana joto, bibi yake amemvua nguo, anampangusa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, anampepea. Maji yakikauka mwilini yanaondoka na joto, anasema. Hilo nimemwachia.

Lakini baadaye nikamkuta na kikombe. Ameweka maji ya birika, na pembeni kijiko chenye unga mweupe, anataka kuutia.

"Nini hicho?"

"Sukari, na chumvi kidogo. Mtoto anakauka, mwanangu."

Nikamnyang'anya kikombe nikamwaga chini. Alichukua tambara akapangusa sakafu, taratibu, na mimi nimesimama juu yake.

3 Agosti

Jana sikuandika. Naandika leo nikiwa kwenye benchi la zahanati, na nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Jana asubuhi Tonge alilia bila machozi. Mdomo wazi, uso umekunjamana, sauti kama ya paka mdogo, na macho makavu. Yale mashavu yalikuwa yamelegea. Nepi niliyomfunga alipolala ilikuwa kavu kama niliyoianua kambani. Mume wangu alikuwa ameshaondoka. Nikambeba nikakimbia, na nyuma yangu nikasikia kandambili. Mama mkwe, kichwa wazi.

Nesi alimfinya Tonge ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, akaachia. Ngozi ikabaki imesimama, ikarudi taratibu, kama ya mzee. Nesi ni mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, lakini hapo sauti yake ilishuka.

"Amekauka. Anakunywa maji gani?"

Mama mkwe akajibu kabla yangu. "Ya kuchemsha. Mama yake anayaandaa mwenyewe kila asubuhi. Mimi nampa tu."

Mimi nikaivua nepi ya Tonge, bado kavu.

Nesi akachana pakiti, akamimina unga kwenye jagi. Mweupe. Kisha akachukua birika kubwa la zahanati, akafunua kifuniko kuona kama maji yamepoa, nami nikaona ndani. Ukoko mweupe, mgumu, umeganda pembeni pote. Vipande vinaelea.

Nikamshika mkono. "Usimpe hayo! Yana unga!"

"Unga gani?"

"Huo! Ni ule ule wa nyumbani kwetu. Nani amewatilia?" Na macho yangu, sikuyatuma, yakaenda kwa mama mkwe.

Nesi akayafuata macho yangu hadi yalipofika, akarudi kwangu.

"Dada," akasema, "huyu bibi hajawahi kufika jikoni kwangu."

Kina mama wengine wakacheka. Wawili watatu tu, halafu wakaona uso wa bibi yake Tonge, wakanyamaza.

"Ni chokaa," nesi akasema, huku akimimina na kukoroga, hakusubiri ruhusa yangu. "Tangu mtaa uhamie visima, kila birika limeota hivi. Maji yanapita chini kwenye mawe. Maji hayana adabu, yakigusa kitu yanakilamba, yanaondoka nacho. Jiwe linaingia humo na huwezi kuliona. Ukiyachemsha yanalitema. Sabuni haitoi povu, sivyo? Maharage hayaivi?"

"Hayaivi," nikasema.

"Chai ina ngozi?"

"Ina ngozi."

"Basi. Hiyo ni sumu ya sabuni na maharage, mtoto hana kesi nayo. Kinachomwangusha mtoto ni vijidudu, na vijidudu huvioni hata kwenye maji yanayong'aa. Vinafia kwenye hilo hilo birika unaloliogopa." Akaacha kukoroga. "Sasa nakuuliza tena, na usinidanganye, maana nataka kujua namtibu nini. Mtoto amekunywa maji gani?"

Nilitazama sakafu. "Ya bomba. Mabichi. Tangu mwanzoni mwa Julai."

Mama mkwe aliutazama mkono wake wa kulia, ule anaomlishia Tonge. Aliugeuza, akautazama kiganja. Mkono wake ndio uliompa maji yale kila siku, kwa uongo wangu. Nilitamani anipige.

Nesi aliniwekea kikombe na kijiko. "Kijiko kimoja kimoja. Akitapika, pumzika kidogo, endelea. Na ziwa usimkatie."

"Maji yanamtoka, na sisi tunampa maji yenye chumvi?"

"Maji matupu yatapita tu kama mvua kwenye bati. Chumvi ikiingia mwilini, maji yanaifuata, hayaachani. Lakini utumbo ukiumwa, chumvi haipokewi peke yake mlangoni. Inashikana mkono na sukari ndipo inaingia. Kwa hiyo vitatu pamoja. Na maji yanavibeba vyote kwa sababu ya tabia ile ile ya kulamba kila kitu. Kwa heri na kwa shari, ni maji yale yale." Akasimama. "Mimi nataka kitu kimoja: mkojo. Akikojoa, niite. Kufika jioni hajakojoa, tunampeleka hospitali kubwa. Huko ni mbali, na hali yake si ya safari."

Nikajaza kijiko. Nusu ikaenda shingoni kwa Tonge, nusu puani, akapaliwa, akatapika. Nikajaribu tena. Vile vile. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na mimi nilikuwa namwagia maji kwenye kola.

Mama mkwe alikuwa amekaa mwisho wa benchi, mbali, kama mtu ambaye hakuja nasi.

"Mama," nikasema. "Nisaidie."

Hakusogea.

"Niliona ukimwaga chai yangu," akasema, akitazama ukuta. "Nikasema, mkwe wangu ananiona mchafu. Nikawa nanawa mikono hadi ngozi inauma, na sabuni yenyewe haitoi povu. Nikasema labda ni uzee, una harufu ambayo mwenyewe huisikii."

"Sikudhani mchafu, mama. Nilidhani unatia dawa. Niliona fundo. Niliona unatia kwenye maharage."

Akageuka. "Magadi?"

"Ni magadi?"

"Ni magadi, mtoto wewe! Maharage yalikuwa mawe! Ulitaka mwanangu avunjike meno?" Sauti ilipanda, akaishusha. "Nilitia kwa siri kwa sababu ni jiko lako. Sikutaka uone nimekuja kukufundisha kupika."

"Lakini uliniona nakuchunguza. Mbona hukusema kitu?"

"Ningesema nini? Mtu akikana jambo ambalo hajaulizwa, si ndiyo amekiri?"

Tonge akatoa ile sauti ya paka. Sote wawili tukainama, vichwa vikagongana.

"Mlete," akasema.

Na hapa naandika ukweli, maana Tonge atakuja kuusoma: nilichelewa kumwachia. Nesi amesema, birika nimeliona, magadi nimeelezwa, na bado vidole vyangu vilikuwa vimeshika nguo ya mtoto. Shaka haiishi kwa kuambiwa. Mama mkwe alisubiri, mikono imenyooka, hakuvuta. Mwishowe nikafungua vidole kimoja kimoja.

Alimlaza kwenye mapaja, kichwa juu kidogo. Akatia ncha ya kijiko pembeni mwa shavu, si mbele kama mimi, akasubiri. Koo la Tonge likapanda, likashuka. Akatia tena. Hakuharakisha. Mimi nilishika kikombe. Kikiisha nakijaza, nampa. Alitapika mara moja akiwa kwake, akampangusa, akaanza upya kama hakuna lililotokea. Baadaye akanirudishia ninyonyeshe, halafu akanyoosha mikono tena, na safari hiyo sikuchelewa.

Mume wangu alifika na vumbi la kazini mwilini. Akatuona tumekaa tumegusana mabega, akatazama mmoja, akatazama mwingine, akafikiri mtoto amekufa. Ilibidi nimwambie, "Yupo, yupo." Akakaa sakafuni palepale.

Jua likaanza kuhama ukutani. Nesi alipita, akatutazama, sisi tukatikisa vichwa. Akapita tena. Nilimsikia mlangoni akimuuliza mtu kama gari la wagonjwa lina mafuta.

"Endelea tu," mama mkwe aliniambia, ingawa yeye ndiye aliyekuwa anaendelea.

Alikuwa amevaa gauni lake la kutokea, lile la kijani. Alilivaa gizani asubuhi bila kuchagua, ndilo lililokuwa karibu. Nilikuwa nautazama uso wa Tonge, kwa hiyo sikuona mwanzo. Nilichoona ni kijiko kimesimama hewani na mama mkwe ametoa macho.

"Shika," akaninong'oneza, akanipa kijiko.

Kijani cha gauni kilikuwa kinageuka cheusi pale mapajani. Doa likapanuka, likafika magotini, likaanza kudondoka sakafuni, tone moja moja, la njano iliyokolea. Mume wangu aliruka amwinue mtoto, asimchafulie mama yake nguo. Mimi nilikuwa nimeshaanza kumwita nesi kwa kelele, na benchi zima limesimama, kina mama wanapiga vigelegele kana kwamba kuna aliyejifungua. Mama mkwe aliusukuma mkono wa mwanawe, wala hakuinuka, wala hakujikunja.

"Mwache," akasema. "Mwache amalize."